Skani ya Mifupa na Ugonjwa wa Viungo wa Soriasisi: Inachoonyesha na Isichoonyesha

Mtu wa Mombasa akiandikiwa skani ya mifupa, jambo la kwanza linalowajia jamaa zake ni saratani, na hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa wengi wanaofanyiwa kipimo hiki ni wagonjwa wa saratani ya tezi dume au ya matiti wanaoangaliwa kama maradhi yamefika mifupani. Hofu huzidi karatasi ya majibu inaposomwa nyumbani, yanapokutwa maneno kwamba dawa ya kipimo imejikusanya kwa wingi kwenye kisigino cha kushoto, kwenye kidole cha pili cha mguu na mahali mtulinga unapokutana na kidari. Ikiwa mgonjwa huyo ana mabaka ya magamba kwenye viwiko, na kucha zake zina vitundu vidogovidogo, karatasi hiyohiyo inaweza kuwa inaeleza jambo jingine kabisa, nalo ni ugonjwa wa viungo unaofuatana na soriasisi. Makala haya yanaeleza jinsi kipimo hicho kinavyofanya kazi, kinasaidia wapi, na kwa nini, kwa maoni yangu, hakipaswi kutangulia uchunguzi wa ngozi na kucha.

Soriasisi ni ugonjwa wa kudumu ambao ndani yake kinga ya mwili huchochea mchochota, yaani uvimbe wenye joto na maumivu, kwenye ngozi pasipo kuwapo kijidudu cha kupigana nacho. Seli za ngozi huzaliana upesi kupita kiasi, na tabaka la juu hujaa magamba yenye mng'aro wa fedha. Hauambukizi hata kidogo. Kwenye ngozi nyeupe mabaka huwa mekundu, na hivyo ndivyo yanavyoonekana katika picha nyingi za vitabu vya udaktari, lakini kwenye ngozi nyeusi huelekea rangi ya zambarau, hudhurungi iliyokolea au kijivu, na ndiyo sababu mgonjwa anaweza kupoteza miaka akipaka dawa za choa au akipambana na kile anachokidhania kuwa mba. Kuna pia mabaka yanayojificha: ndani ya nywele chini ya kofia au mtandio, nyuma ya masikio, kitovuni na katikati ya makalio. Kwa makadirio yanayotumiwa sana, hadi watu 30 katika kila 100 wenye soriasisi hupata pia ugonjwa wa viungo. Kwa wengi wao ngozi hutangulia, mara nyingi kwa miaka 10 hivi, lakini kwa takriban watu 15 katika 100 viungo huanza kuuma kabla baka lolote halijaonekana, na hao ndio wanaowasumbua madaktari zaidi.

Ugonjwa huu wa viungo, ambao hapa tutauita athritisi ya soriasisi, hauna sura moja. Mwaka 1973 madaktari wawili wa Uingereza, Moll na Wright, waliugawa katika sura tano, kuanzia ule unaoshika vifundo vya ncha za vidole peke yake hadi ule unaopanda uti wa mgongo, na ule wa nadra unaokula mifupa ya vidole mpaka vikafupika. Kinachoziunganisha sura hizo, na kinachofafanua kwa nini skani ya mifupa iliwavutia watafiti, ni kwamba mchochota haukai ndani ya utando wa kiungo tu kama ilivyo kwa baridi yabisi. Hushika pia mahali kano inapojishikiza kwenye mfupa: nyuma ya kisigino, chini ya wayo, pembeni mwa goti, ukingoni mwa nyonga. Mfupa wa mahali hapo hujibu kwa kujenga mfupa mpya. Kidole kizima kinaweza kuvimba kuanzia shina hadi ncha, kwa sababu viungo vyake vyote, kano zake na nyama iliyo baina yake vimeshikwa kwa wakati mmoja.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Mgonjwa hudungwa kwenye mshipa wa mkono dawa yenye sehemu mbili zilizounganishwa: teknetiamu-99m, ambayo ni elementi nururifu inayotoa miale ya gama, na medroneti, ambayo ni kampaundi ya fosforasi inayopenda kushikamana na madini ya mfupa. Teknetiamu iligunduliwa mwaka 1937 huko Palermo, Italia, na matumizi yake pamoja na kampaundi za fosforasi kwa ajili ya mifupa yalianza mwaka 1971. Nguvu yake ya kunururisha hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo baada ya siku moja hubaki sehemu moja tu katika 16, hata kabla hatujahesabu kiasi kilichotoka kwa mkojo. Kamera ya gama haitoi miale yoyote kumwelekea mgonjwa. Hupokea tu ile inayotoka mwilini mwake na kuichora kuwa picha. Hapo ndipo skani hii inapotofautiana na eksirei. Eksirei huchora umbo la mfupa, ilhali skani huchora shughuli inayoendelea ndani ya mfupa.

Kwa ugonjwa wenye mchochota, picha hupigwa kwa awamu tatu, na inafaa mgonjwa azijue kwa sababu ndizo zinazompa msomaji wa picha maana. Awamu ya kwanza ni ya dakika ya mwanzo, dawa ikiwa bado inakimbia mishipani, nayo huonyesha ni wapi damu inafika kwa wingi. Ya pili hufuata baada ya dakika chache, damu ikiwa imetulia ndani ya nyama na tando, na hapo utando wa kiungo uliovimba huonekana umejaa. Ya tatu hupigwa baada ya saa 2 hadi 4, wakati takriban nusu ya dawa imekwisha kushikwa na mifupa na sehemu kubwa ya iliyobaki imeanza kutoka kupitia figo. Mahali panapong'aa katika awamu zote tatu pana damu nyingi pamoja na ujenzi wa mfupa, na hiyo ndiyo hali ya mchochota ulio hai. Mahali panapong'aa katika awamu ya tatu peke yake mara nyingi pana ukarabati wa polepole, kama ule wa goti lililolika gegedu kwa umri. Zahanati au hospitali inayopiga awamu ya mwisho peke yake, kama inavyofanywa kawaida kwa wagonjwa wa saratani, humnyima daktari wa viungo nusu ya habari anayoihitaji.

Hata hivyo, udhaifu wa kipimo hiki unatoka palepale inapotoka nguvu yake. Ukipita mtaani Kisauni ukaona lundo la mchanga, kokoto na saruji mbele ya nyumba, utajua kwamba mafundi wako kazini, lakini hutajua kama wanaziba ufa, wanaongeza ghorofa au wanajenga upya ukuta uliobomolewa na lori. Skani huona lundo hilo tu. Mfupa uliovunjika kidogo hung'aa, mfupa wenye vijidudu hung'aa, jongo hung'aa, saratani iliyosambaa hung'aa, na vifundo vya bibi wa miaka 70 aliyefua na kusuguana na ndoo maisha yake yote navyo hung'aa. Kwa lugha ya wataalamu, kipimo kina wepesi mkubwa wa kugundua tatizo lakini hakina uhodari wa kulitambua tatizo lenyewe.

Kwa mgonjwa wa Pwani orodha ya vitu vinavyoweza kumpoteza daktari ni ndefu kuliko ile inayoandikwa Ulaya, na hapa sina budi kukaa kidogo. Kuna chikungunya, ambayo ilizuka Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuendelea hadi 2018. Homa yake huisha baada ya siku chache, lakini kwa baadhi ya watu maumivu na uvimbe wa vidole, vifundo vya miguu na viganja hudumu miezi, na kwa wengine hata zaidi ya mwaka. Mtu wa aina hiyo akiingia chini ya kamera ya gama, viungo vyake vinaweza kuonyesha mchochota usiotofautika na wa soriasisi. Kuna ugonjwa wa selimundu, ambao ukanda wetu unaujua vizuri: mtoto mdogo wa Kilifi au Kwale anayevimba vidole vya mikono na miguu anapaswa kupimwa selimundu kabla mtu yeyote hajafikiria soriasisi, na mifupa yake iliyokosa damu inaweza kuonekana imezimika siku za mwanzo kisha ikang'aa inapopona. Kuna kifua kikuu cha mifupa, chenye mazoea ya kushika uti wa mgongo na pengine hata kidole kimoja. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoweza kuondolewa kwa kutazama picha ya skani peke yake; huondolewa kwa historia ya mgonjwa, kwa vipimo vya damu na, inapolazimu, kwa kuchukua kipande cha nyama au mfupa.

Je, mpangilio wa maeneo yanayong'aa hausaidii? Husaidia, na msomaji mzoefu hutegemea mpangilio kuliko ukali wa mng'ao. Baridi yabisi hupenda ulinganifu, ikishika safu ya vifundo vya mwanzo na vya kati vya vidole katika mikono yote miwili na kuviacha vifundo vya ncha. Athritisi ya soriasisi huweza kushika kidole kimoja na kukitembea chote, kifundo cha ncha kikiwemo, na kukiacha kidole cha jirani kikiwa salama; upande wa kulia usifanane na wa kushoto; na kisigino kikang'ae nyuma au chini, mahali kano zinaposhika. Akiona kidole kizima kimewaka kwa awamu zote tatu, pamoja na kisigino kimoja na kiungo cha mtulinga, msomaji ana haki ya kuandika kwamba mpangilio huo unafanana na ugonjwa wa kundi la soriasisi. Haki ya kuandika kwamba ndio wenyewe hana.

Kuna sehemu moja ambapo skani hukaribia kutaja jina la ugonjwa, na ni jambo la kusikitisha kwamba haijulikani sana. Mwaka 1987 madaktari wa Ufaransa walikusanya chini ya jina SAPHO hali zilizokuwa zimetawanyika katika majina mengi: mchochota wa viungo na wa mfupa, unene usio wa kawaida wa mfupa, chunusi kali, na vipele vya usaha kwenye viganja na nyayo. Vipele hivyo havina vijidudu, na wengi huvihesabu kuwa ndugu wa soriasisi. Ugonjwa huo hupenda sehemu ya juu ya kifua, pale mitulinga miwili, kidari na ubavu wa kwanza vinapokutana. Kwenye skani, sehemu ya juu ya kidari huonekana kama paji la uso, na viungo viwili vya mitulinga hujitokeza kama pembe, kiasi kwamba wataalamu huiita alama ya kichwa cha fahali. Si kila mgonjwa wa SAPHO huwa nayo, lakini inapoonekana kwa mtu mwenye vipele vya viganjani, thamani yake ni kubwa, maana eksirei ya eneo hilo ni ngumu kusoma kwa sababu mifupa imepandana, na mgonjwa asiyejulikana anaumwa nini huishia kukatwa mfupa tena na tena kutafutwa saratani au vijidudu visivyokuwapo. Ngozi na mfupa vinaweza kuachana kwa miaka kadhaa, kwa hiyo swali la daktari linapaswa kuwa kama mgonjwa aliwahi kuota vipele hivyo wakati wowote maishani, wala si kama anavyo leo.

Kinyume chake, mahali ambapo skani huvunja moyo ni kwenye maungio mawili, la kulia na la kushoto, ambapo nyonga hukutana na uti wa mgongo, ambayo ni sehemu muhimu kwa mgonjwa anayeamka alfajiri kiuno kikiwa kigumu na kulainika baada ya kutembea. Maungio hayo hung'aa hata kwa mtu mzima wa afya, kwa kuwa hubeba uzito wa mwili. Yakishikwa yote mawili kwa usawa, jicho halina upande wa kulinganisha. Kulikuwa na juhudi za kupima uwiano kati ya maungio na mfupa ulio katikati yake kwa kompyuta, lakini tathmini ya tafiti iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha kwamba kwa wagonjwa wenye mchochota wa kweli wa maungio hayo, skani iliukamata kwa karibu nusu yao tu. Kwa eneo hili MRI, yaani kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ndiyo yenye neno la mwisho, kwa sababu huonyesha maji ya mchochota ndani ya uboho kabla mfupa haujabadilika.

Basi utambuzi hufanywaje? Vigezo vinavyotumiwa zaidi duniani, vilivyochapishwa mwaka 2006 kwa jina la CASPAR, huanza na sharti kwamba mgonjwa awe na ugonjwa wa mchochota kwenye kiungo, uti wa mgongo au mshiko wa kano, kisha huhesabu alama, na alama 3 zinatosha. Soriasisi iliyopo sasa hupewa alama 2. Isipokuwapo, historia yake kwa mgonjwa au katika jamaa wa karibu hupewa 1. Mabadiliko ya kucha yana alama 1, kipimo cha damu cha baridi yabisi kutokuonyesha kitu kina 1, kidole kilichovimba chote kina 1, na mfupa mpya ulioota kando ya kiungo kwenye eksirei ya mkono au mguu una 1. Tuchukue mfano wa kubuni wa dereva wa tuktuk wa Bamburi, mwenye miaka 41, ambaye vifundo vyake viwili vya vidole na kisigino kimoja vimevimba: ana baka kwenye kiwiko, kucha zenye vitundu, na kipimo cha damu kisichoonyesha baridi yabisi. Huyo amefikisha alama 4 akiwa bado amekaa kwenye kiti cha daktari. Skani ya mifupa haimo popote katika hesabu hiyo, na mgonjwa kama huyo akipelekwa moja kwa moja kwenye skani atakuwa ametumia fedha kuthibitisha kile ambacho macho yalikwisha kukiona.

Kucha, kwa njia, zinastahili mwanga mzuri na mikono mitupu. Vitundu, ukucha kubanduka kutoka kwenye nyama na doa la rangi ya mafuta chini yake ni dalili zenye uzito mkubwa, na mwanamke aliyetoka kwenye harusi akiwa na hina au piko mpaka kwenye kucha anaweza kuzificha bila kukusudia. Hina haidhuru skani. Inamzuia daktari kuona tu, na huenda ikabidi kuangalia kucha za miguu au kumwita tena baada ya wiki chache.

Jambo jingine lisilopaswa kusahauliwa katika nchi zetu ni kipimo cha virusi vya ukimwi. Soriasisi inayozuka ghafla na kwa ukali, pamoja na viungo kuvimba, inaweza kuwa dalili ya kwanza ya maambukizi hayo. Utafiti wa Zambia uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 28 wa athritisi ya soriasisi, 27 walikuwa na virusi hivyo. Takwimu hiyo ni ya kabla ya dawa za kufubaza virusi kuenea, lakini funzo lake kwa daktari bado lipo, hasa kwa kuwa dawa nyingi za athritisi hupunguza nguvu ya kinga ya mwili.

Kwa hiyo skani ina nafasi yake, nayo ni finyu kuliko wengi wanavyodhani. Inafaa pale maumivu yanapokuwa mengi na yametawanyika, eksirei zikawa safi, na daktari akahitaji kuona mifupa yote kwa sindano moja ili ajue mahali pa kuelekeza uchunguzi zaidi. Inafaa anaposhuku SAPHO. Inafaa kwa mgonjwa asiyeweza kuingia kwenye mashine ya MRI kwa sababu ya chuma mwilini au woga wa mahali finyu. Ikirudi ikiwa shwari kabisa kwa mtu mwenye maumivu mwili mzima, hupunguza uwezekano wa mchochota ulio mkali, ingawa haiuondoi, hasa ikiwa amekuwa akitumia steroidi, ambazo hutuliza mchochota. Kwa wengine wote ningeanza na eksirei ya mikono na miguu na ultrasaundi ya viungo na kano, ambayo ni ya bei nafuu, haina mionzi, na mikononi mwa mtu aliyeizoea huonyesha maji ndani ya kiungo, damu iliyozidi kwenye utando na unene wa kano ya kisigino.

Gharama si ya sindano peke yake. Huduma za tiba ya nyuklia nchini Kenya zimejikusanya Nairobi, na teknetiamu haiwezi kuwekwa ghalani ikasubiri wagonjwa. Hukamuliwa kila siku kutoka kwenye molibdeni-99, ambayo nayo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 66. Mgonjwa anayepanda treni Miritini afanye hesabu ya kulala, kwa sababu awamu ya tatu ya picha inaweza kumalizika alasiri, na aulize mapema kuhusu malipo ya bima. Siku ya kipimo hutakiwa kunywa maji mengi baada ya sindano na kwenda haja ndogo mara kwa mara, kwa vile kibofu kilichojaa dawa huficha nyonga. Mwenye kufunga Ramadhani apange siku nyingine pamoja na daktari wake. Kiasi cha mnururisho ni takriban milisiveti 4, na wastani wa dunia wa ule unaotoka katika mazingira ya kawaida ni milisiveti 2.4 kwa mwaka. Si kiasi cha kutisha, lakini mjamzito au anayenyonyesha lazima aseme kabla ya sindano.

Limebaki suala la fomu ya maombi, ambalo naliona kuwa ndilo linaloharibu skani nyingi. Daktari wa Mombasa huandika "maumivu ya viungo", na msomaji wa picha aliye Nairobi, ambaye pengine hatamwona mgonjwa, hubaki na madoa yanayong'aa yasiyo na hadithi. Fomu inapaswa kueleza kwamba mgonjwa ana soriasisi au inashukiwa, viungo gani vimevimba na tangu lini, kama aliwahi kuota vipele vya viganjani, kama aliugua chikungunya, mahali alipowahi kuvunjika au kuanguka, dawa anazotumia, na ombi la wazi la awamu tatu zitakazojumuisha mikono na miguu. Mgonjwa mwenyewe anaweza kusaidia kwa kupiga picha za ngozi na kucha kwa simu siku zinapokuwa mbaya, kwa kuwa mabaka huja na kuondoka, na kuzionyesha kwenye chumba cha skani pamoja na eksirei zake za zamani.